Stelingi Hafi: Jinsi Ninavyoichagua Filamu Bora ya Vita

Swali la filamu ipi ya vita ni bora kuliko zote hujibiwa haraka mno, kwa sababu wengi wetu hulijibu kwa kumbukumbu ya ile iliyotusisimua tukiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mimi nilisisimkia katika banda la video la Ngamiani, hapa Tanga, tulipokuwa tunabanana kwenye mabenchi ya mbao huku mtafsiri, aliyekaa kando ya spika na kipaza sauti chake, akitugeuzia kila risasi kuwa Kiswahili. Mtafsiri yule hakujua Kiingereza kingi kuliko sisi, lakini alijua kanuni iliyotosha: stelingi hafi. Akianguka, ataamka; akipigwa, ni bega; adui akitokea juu ya paa, sisi tulikwishaambiwa kabla hajatokea. Leo kazi yangu ni uhariri wa filamu, nawafundisha pia vijana wachache kazi hiyohiyo, na nimetambua kwamba kanuni ile haikubuniwa bandani, bali hutengenezwa mezani kwa mhariri.

Naomba nieleze inavyotengenezwa, maana hukumu yangu yote inategemea jambo hili. Mhariri anayepewa picha za mapigano huanza kwa kuweka pande: jeshi hili litakwenda daima kutoka kushoto kwenda kulia, jeshi lile kutoka kulia kwenda kushoto, ili mtazamaji asipotee hata picha zikibadilika kila sekunde. Kisha huingiza mara kwa mara picha ya mbali, iliyopigwa kutoka juu, ambayo humpa mtazamaji jicho la jemadari, jicho ambalo askari aliyelala mtaroni hakuwa nalo kamwe. Mwisho hugawa muda wa kufa. Adui hupewa nusu sekunde, mara nyingi bila uso: mlio, mkato, mtu ameanguka, mkato. Rafiki wa stelingi hupewa sekunde ishirini, uso wa karibu, neno la mwisho na muziki. Ukizihesabu sekunde hizo kwa saa ya mkononi utajua filamu imeegemea upande gani, hata kama wahusika wake wanalaani vita kuanzia mwanzo hadi mwisho. Raha tuipatayo katika filamu za vita ni raha ya kujua tulipo, nani wetu, na nani atapona. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: ni filamu ipi iliyoweza kutunyima raha hiyo na bado ikatufanya tubaki kitini?

Wengi hunitajia Saving Private Ryan ya Steven Spielberg, ya mwaka 1998, na siwabishii kuhusu dakika zake za mwanzo za kutua ufukweni Normandy, ambazo zinazidi ishirini. Mpiga picha wake, Janusz Kamiński, alipunguza muda ambao kila fremu hupata mwanga, hivyo ule ukungu wa kawaida wa kitu kinachokwenda kasi ukapotea, na kila punje ya mchanga uliorushwa na bomu ikaonekana peke yake, kavu na kali. Pande zinavurugika, sauti inazama majini na kuibuka, na jicho la jemadari karibu halipo. Hata hivyo filamu inaendelea kwa zaidi ya saa mbili baada ya hapo, na kadiri inavyosonga ndivyo kanuni ya banda inavyorudi, mpaka kufikia mapigano ya mwisho darajani tunajua tena nani yuko wapi na nani tumlilie.

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, iliyopata tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 1966, na hata sasa naiweka ya pili kwa shingo upande. Ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe katika mitaa ileile ya Algiers, na watu ambao wengi wao hawakuwa waigizaji. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi mjini humo wa wapiganaji wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria kutoka kwa Wafaransa, aliigiza nafasi iliyotokana na maisha yake mwenyewe. Picha zake zilifanana na habari za kweli kiasi kwamba ilibidi watazamaji waarifiwe kuwa hamna hata kipande kimoja cha filamu ya habari ndani yake. Ninachowaonyesha wanafunzi wangu ni kipande cha wanawake watatu wanaobeba mabomu kuyapeleka upande wa Wafaransa. Mmoja wao anaingia kwenye mkahawa, na kabla ya kuondoka anawatazama waliokaa humo. Kamera nayo inawatazama, uso mmoja baada ya mwingine, na miongoni mwao yumo mtoto anayekula aiskrimu. Mhariri hakuwa na haja ya mtoto yule ili tuelewe tukio. Alimpa sekunde zake kwa makusudi, na baadaye maiti za pande zote mbili zinaombolezwa kwa muziki uleule.

Sababu iliyonifanya niishushe ni tukio lililotokea nje ya filamu yenyewe. Mwaka 2003, majeshi ya Marekani yakiwa Iraq, filamu hii ilionyeshwa Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo, kama kitu cha kujifunzia mapigano ya mijini. Sisemi kwamba Pontecorvo alikosea. Ila filamu inayoeleweka vizuri hivyo, yenye ramani ya mitaa, mbinu na majibu ya mbinu, inaweza kutumiwa na jemadari, na nilipolifikiri jambo hilo nikaona kwamba hata mimi, miaka yote ile, niliitazama nikiwa nimesimama nyuma ya bega la mtu mwenye mpango.

Hapa Tanga tunayo sababu ya kulichukulia swali la jemadari kwa uzito. Novemba 1914 kikosi cha Waingereza cha watu takriban 8,000, wengi wao wakiwa askari kutoka India, kilitua upande wa Raskazone, kikashindwa ndani ya siku chache na jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lililokuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Makaburi ya vita vile yapo mjini hadi leo. Masimulizi yanayopendwa ni yale ya nyuki waliotoka mizingani na kuzishambulia pande zote mbili, nami nayapenda pia, kwa kuwa nyuki hawakuwa wamesoma uhariri na hawakujua nani stelingi. Lakini wapagazi waliobeba vita hivyo vichwani kwa miaka minne iliyofuata, ambao jina la kikosi chao upande wa Waingereza, Carrier Corps, ndilo lililotuachia jina la Kariakoo, sijapata kuwaona wakipewa hata sekunde ishirini. The African Queen ya John Huston, ya mwaka 1951, inaanzia katika koloni hilihili la Wajerumani mwaka 1914: kijiji kinachomwa moto, wenyeji wanaswagwa na askari, kisha wanatoweka kabisa ili tusafiri mtoni na Wazungu wawili. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, alipotunga utenzi wake kuhusu Wadachi, yaani Wajerumani, kuitamalaki Mrima, aliwapa watu wa pwani nafasi kubwa kuliko hiyo, na hakuwa na kamera.

Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow walilipa sehemu ya deni hilo kwa upande wa Senegal katika Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, kuhusu askari Waafrika waliopigania Ufaransa kisha wakauawa na jeshi la Ufaransa tarehe 1 Desemba 1944 walipodai malipo yao. Kila mtu aitazame. Ni filamu ya haki iliyodhulumiwa zaidi kuliko ya vita, na ndiyo maana siiingizi katika shindano hili.

Jibu langu ni Come and See ya Elem Klimov, iliyotoka Umoja wa Kisovieti mwaka 1985. Ni habari ya Flyora, kijana wa Belarus mwaka 1943, anayefukua bunduki mchangani na kujiunga na wapiganaji wa msituni huku mama yake akimlilia asiende. Ales Adamovich, aliyeandika mchezo huo pamoja na Klimov, alikuwa mpiganaji wa msituni akiwa bado kijana. Mapema tu mabomu yanaanguka karibu na Flyora, naye anazibwa masikio; tangu hapo sisi pia tunasikia kwa masikio yake, mvumo mwembamba unaofunika sauti za watu. Hakuna anayetuambia adui yuko upande gani. Hakuna picha kutoka juu ya kutupa ramani. Nyuso hututazama machoni, moja kwa moja ndani ya kamera, kwa muda mrefu kuliko mhariri yeyote wa kawaida angeruhusu.

Upo mkato mmoja ambao ningetoa kazi zangu zote ili niwe nimeukata mimi. Flyora anarudi nyumbani na msichana aitwaye Glasha. Nyumba ni tupu, chakula bado kina moto, nzi wanavuma. Anaamua kwamba watu wamekimbilia kisiwani, anatoka mbio, naye Glasha anamfuata. Akiwa anakimbia, Glasha anageuza kichwa, na kwa muda mfupi sana tunaona nyuma ya nyumba wanakijiji wamelundikwa ukutani, wamekufa. Flyora hakugeuka. Filamu nayo hairudi kuangalia tena, inaendelea kukimbia, na sisi tunabaki na jambo ambalo mwenye kijiji hajalijua. Filamu nyingine ingesimama pale, ingepiga muziki, ingetupa nafasi ya kulia.

Pingamizi lipo, na ni la haki. Filamu iliungwa mkono na dola, katika mwaka wa 40 wa ushindi, na Wajerumani ndani yake wamepewa ubinadamu mdogo sana. Nimelipima na naliacha lilipo, kwa sababu filamu haiwapi wapiganaji wa upande wake utukufu pia. Klimov hakutengeneza filamu nyingine baada ya hiyo mpaka alipofariki mwaka 2003.

Niliwaonyesha vijana wangu kwenye shuka jeupe, ukutani, nikamwomba mmoja wao, ambaye hujipatia riziki kwa kutafsiri filamu, atutafsirie kama afanyavyo bandani. Alianza kwa mbwembwe. Wanakijiji walipoanza kusukumwa ndani ya ghala litakalochomwa, akaweka kipaza sauti chini, na hakukishika tena mpaka karibu na mwisho, pale Flyora anapoipiga risasi picha ya Hitler iliyolala kwenye dimbwi. Kila risasi inarudisha nyuma filamu za kihistoria: majengo yanasimama tena, majeshi yanarudi kinyumenyume, Hitler anazidi kuwa kijana, hadi tunafika kwenye picha ya mtoto mchanga aliyepakatwa na mama yake. Bunduki imeelekezwa, na Flyora hapigi. Kijana wangu alikishika kipaza sauti, akangoja, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hapa niseme nini?" Kabla sijamjibu, maandishi yalikwishatokea kwenye shuka, yakieleza kwamba vijiji 628 vya Belarus vilichomwa pamoja na watu wake.