Tairi kubwa la spea kwenye mlango wa nyuma wa Prado

Wenye Toyota Land Cruiser Prado 120 wanaohamia matairi ya 285/70R17 (upana wa milimita 285, kimo cha ukuta asilimia 70 ya upana huo, rimu ya inchi 17) huniuliza kwanza kama spea ya saizi hiyo itakaa kwenye mlango wa nyuma. Kukaa itakaa, kwa kuwa matundu sita ya rimu hayajabadilika. Kazi yangu hapa Arusha ni kuandaa magari ya safari, na kinachonihangaisha katika suala hili ni bawaba.

Tairi la 265/65R17, ambalo Prado nyingi za aina hiyo zilitoka nalo kiwandani, lina kipenyo cha milimita 776 hivi, ilhali la 285/70R17 lina milimita 831, yaani limezidi kwa asilimia 7. Baadhi ya wateja hupendekeza tubakize spea ndogo ya zamani, nami huwakatalia. Prado 120 husukumwa na magurudumu yote manne muda wote, na tairi dogo likichanganywa na makubwa matatu, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hulazimika kufanya kazi bila kupumzika hata kwenye lami iliyonyooka.

Sasa tuje kwenye uzito. Kwenye mizani ya gereji yetu, spea ya awali na rimu yake ya alumini hufika kilo 30 hivi, na lile kubwa la matope lenye rimu ya chuma hufika kilo 42. Kilo 12 zinaonekana chache mpaka uzitazame kama mzigo unaoning'inia mbali na mahali unaposhikiliwa. Chukua mfano ambao kitovu cha tairi kiko sentimita 60 kutoka kwenye bawaba, na bawaba mbili zimeachana kwa sentimita 40. Mlango ukiwa wazi, bawaba ya juu huvutwa na tairi dogo kwa nguvu ya uzito wa kilo 45, na tairi kubwa huivuta kwa kilo 63. Hapo gari limesimama, na uzito wa mlango wenyewe sijauhesabu. Ukiufunga mlango, kitasa hupokea sehemu ya mzigo, lakini kwenye mawimbi ya changarawe kati ya Ngorongoro na lango la Naabi la kuingilia Serengeti tairi hilo hurushwa juu na chini mfululizo kwa saa nzima, na kila mrusho huizidisha nguvu hiyo.

Kinachoanza kushindwa mara nyingi ni bati lililo nyuma ya bawaba. Kabla sijafunga chochote, hufuta vumbi na kutafuta ufa mwembamba kama unywele kwenye rangi inayozunguka boliti. Kisha hufungua mlango nusu, nikaushika ukingo wa chini upande wa kitasa na kuunyanyua taratibu. Nikisikia mlio au nikihisi umecheza, tairi kubwa halipandi pale.

Mlango ukiwa mzima, hubaki suala la nafasi. Ukuta wa tairi pana husogea karibu zaidi na mlango, na ukingo wa chini hushuka milimita 27 kuelekea bampa. Wengi hukimbilia spesa nene, yaani kipande cha kulisogeza tairi mbali na mlango, nami nasihi iwe nyembamba kadiri inavyowezekana, kwa sababu kila sentimita inayolisogeza tairi nje huongeza mzigo kwenye bawaba. Raba za mlangoni ambazo tairi huziegemea nazipaka chaki, nalifunga tairi, nalifungua tena, kisha nalitazama: alama zinapaswa kuwa pande zote na za upana unaolingana. Upande usio na chaki ndio utakaotikisika njiani.

Kwa gari linaloishi porini, napendelea mkono wa chuma unaozunguka kwenye bampa la nyuma na kubebwa na chesisi, ili mlango ubaki mlango tu. Ni kweli kwamba ni ghali, na utafungua vitu viwili kila unapotaka mzigo wako. Kwa vyovyote vile, nikishakaza nati huchora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye kibebeo, na baada ya safari ya kwanza mwenye gari hutazama kama mistari hiyo bado imeungana, yaani nati hazijalegea.