Bei ya kuanzia na gharama ya kutuma: yanayosemwa mnadani na yaliyo kweli

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya Dar, mnada huchangamka usiku, watu wakishatoka kwenye foleni za Mandela na Morogoro Road. Muuzaji anarusha picha, anaandika anaanzia ngapi, kisha simu inaanza kulia mfululizo. Au hailii kabisa. Mara nyingi mzigo wenyewe hauna kosa. Kosa liko kwenye namba mbili alizoandika chini ya picha: bei ya kuanzia, na gharama ya kuufikisha.

"Anzia juu, watakushusha wenyewe"

Hii ni akili ya dukani Kariakoo. Unataja elfu 80 ukijua mtakutana kwenye 50, na winga, yule dalali aliyekuletea mteja, naye ameshapata cha juu chake. Dukani bei inashuka, ndiyo maana mbinu inafanya kazi. Mnadani bei inapanda tu, hakuna mlango wa "punguza kidogo bosi". Kitu cha elfu 50 ukikianzia 80, watu wanapita kimya, kinadoda. Wiki ijayo ukikirudisha kwa 50, grupu zima linakikumbuka: si ndicho kile kilichokosa mtu? Sasa hata 40 inakuwa kazi.

"Basi anzia buku, mnada utajipandisha"

Hapa ndipo wengi wanapoumia, na ukweli wake una masharti.

Angalia eBay, ule mtandao wa minada wa Marekani, inavyohesabu. Mnunuzi haandiki tu dau la sasa. Anaiambia mashine kiwango chake cha mwisho, nayo inampandishia hatua kwa hatua, kiasi cha kumzidi mwenzake tu. Tuseme unauza redio ya zamani ya mbao. Mmoja yuko tayari kufika 90,000, mwingine 40,000. Redio itaondoka kwa 40,000 na kidogo juu yake. Ile 90,000 hutaiona wala hutajua kama ilikuwepo. Kwa maneno mengine, bei ya mwisho inakuonyesha mfuko wa aliyeshindwa, si wa aliyeshinda. Mchumi William Vickrey alieleza hesabu za mnada wa namna hii mwaka 1961, miaka mingi kabla ya intaneti kufika majumbani. Walimpa Nobel mwaka 1996, akafariki siku chache tu baada ya kutangazwa.

Sasa mwondoe yule wa 40,000. Amebaki mmoja mwenye 90,000 mfukoni, nawe umeanzia buku. Redio imekwenda kwa buku, na huna wa kumlaumu.

Kwa hiyo bei ya kuanzia ni mshindani wa pili unayemweka wewe mwenyewe, endapo wa pili wa kweli hatatokea. Kitu kinachogombaniwa, kama simu safi au raba za mtumba daraja la kwanza, kianzie chini bila hofu, maana umati utaivuta bei. Umati nao huita umati: aliyekwisha weka dau mara mbili huanza kukiona kitu kama chake. Lakini kitu cha wapenzi wachache, mfano sarafu ya zamani au santuri, kianzie kwenye kiasi ambacho akija mmoja tu utampa bila kununa. Kuna pia bei ya chini ya siri, ambayo isipofikiwa hakuna mauzo. Binafsi siipendi. Wanunuzi wanahisi wanachezewa, na eBay huitoza ada.

"Weka bei ndogo, faida uile kwenye usafiri"

Ujanja huu una historia, na nitakubali kwamba uliwahi kulipa. Mwaka 2006 watafiti Tanjim Hossain na John Morgan walichapisha jaribio lao la kuuza CD na michezo ya Xbox kwenye eBay. Kitu kilekile walikianzia dola 4 na kukituma bure, kisha wakakianzia senti 1 na kutoza dola 3.99 za kutuma. Jumla ni moja, lakini njia ya pili ilileta fedha zaidi, kwa sababu watu wanaitazama bei kuliko usafiri. Ila walipopandisha usafiri hadi dola 6, kwa CD faida hiyo iliyeyuka.

Wauzaji walikuwa na sababu nyingine ya kujificha huko: ada ya eBay ilikatwa kwenye bei tu. Tangu 2011, eBay ya Marekani inakata hadi kwenye pesa ya kutuma. Na hapa Dar usijaribu kabisa. Kila mtu anajua boda wa kutoka Ilala hadi Magomeni anachukua ngapi.

"Andika 'usafiri bure', inavutia"

Bure ya wapi? Magomeni ni pua na mdomo. Bunju na Chanika ni safari, na Kigamboni kuna pantoni au tozo ya daraja. Taja maeneo ya bure kwa majina, kwingine mnunuzi amlipe boda mwenyewe. Wa mikoani mwambie mapema kwamba mzigo unapakiwa kwenye basi stendi ya Mbezi Luis, naye ataupokea stendi ya kwao.

"Kitu chepesi hutumwa kwa bei rahisi"

Makampuni ya usafirishaji wa haraka hayaishii kwenye mizani. Yanapima urefu, upana na kimo kwa sentimita, yanazidisha, yanagawa kwa 5,000, na kinachokuwa kikubwa kati ya jibu hilo na uzito halisi ndicho unacholipia. Picha ya Tingatinga iliyochorwa kwenye ubao, kama alivyochora Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, ukiiweka kwenye boksi la 65 kwa 65 kwa 8 inahesabiwa karibu kilo 7, hata kama mizani inasema 3. Ya turubai ukiiviringisha ndani ya bomba la 70 kwa 10 kwa 10, ni kilo 1.4. Kinyago cha mpingo ni kinyume chake: kidogo kwa umbo, lakini ule mti huzama majini, kwa hiyo mizani ndiyo itakayosema. Funga mzigo kwanza, upime, ndipo uandike tangazo. Niliwahi kukisia kwa macho, na faida yote ikaishia kaunta.

"Mweke shemeji apandishe bei"

eBay wamekataza, na kwenye grupu namba ya shemeji inajulikana haraka kuliko unavyodhani. Halafu siku moja atazidisha hatua moja na kushinda. Redio imebaki sebuleni kwako, unamfuata yule wa pili inboksi, na anakujibu kwa tiki mbili za bluu.