Meli ya usiku kwenda Bukoba: tunayoaminishana na yalivyo kweli

Mi nimekulia Kirumba, Mwanza, Ziwa Victoria naliona tangu mtoto, kwaiyo nilivyokata tiketi ya meli kwenda Bukoba kwenye harusi ya binamu yangu nikajiona mwenyeji kabisa, maandalizi ya nini sasa? Saa sita usiku nilikuwa nimekumbatia ndoo. Shangazi, mtu wa Tabora huko kwenye vumbi, amekaa pembeni anatafuna mkate mkavu taratibu, ananiangalia, "Si ulisema we mtu wa ziwa mwanangu?"

Maana watu huku wanasema lile ni ziwa bwana, sio bahari, huwezi kuchafukwa. Wapi. Kichefuchefu hakiulizi maji ya chumvi au baridi. Macho yanaona ukuta wa kebini umetulia, sikio la ndani linahisi unayumba, ubongo unashindwa umwamini nani, afu anayelipa ni tumbo. Na ziwa letu ni karibu kilomita za mraba 69,000 lakini kina hakifiki hata mita 100, mawimbi yake yakipata upepo yanakuwa mafupi yamebanana, hayakubembelezi, yanakudunda.

Na kuna wale wa "usile kitu siku ya safari". Nilifunga toka asubuhi kama mjinga. Tumbo tupu ndo linazidisha, kula kidogo vitu vikavu, acha chipsi mayai na mafuta yake. Dawa ya kuzuia kutapika inamezwa kabla hujapanda, sio ukishaanza, maana hapo kidonge nacho kinatoka. Muulize mfamasia akupe inayokufaa, nyingi zinaleta usingizi, kwa meli ya usiku hiyo ni zawadi ila usichanganye na bia. Halafu tafuta pa kukaa katikati ya meli, sehemu za chini, huko hakuyumbi sana, na simu iache mfukoni.

Nyingine tunayodanganyana ni kwamba usiku ziwa linalala. Waulize wavuvi wa dagaa. Mchana nchi kavu inapata joto upepo unatoka ziwani unakuja kwetu, usiku unageuka, unatoka nchi kavu pande zote unaenda kukutana katikati kwenye maji ambayo bado yana uvuguvugu, mawingu yanapanda, ndo maana radi na dhoruba nyingi za ziwani zinakuja usiku wa manane mpaka alfajiri. Sisemi usisafiri, meli kubwa sio mtumbwi, nasema sikiliza utabiri wa TMA, wale wa hali ya hewa, kabla ya kutoka nyumbani, hasa Machi mpaka Mei.

Ila hii ndo inaniudhi kuliko zote, kwamba meli huzamishwa na dhoruba basi kukiwa shwari uko salama hata mkibanana. MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, karibu kabisa kufika Mwanza, imezidisha watu na mizigo, na daraja la tatu hata orodha ya majina haikuwepo. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800. MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, waliokufa peke yao walipita 220, na ilikuwa imebakiza mita chache tu ifike gati la Bwisya kule kisiwani Ukara. Mchana kweupe. Kwaiyo ukiambiwa andika jina lako kamili kwenye tiketi usione usumbufu, na ukiona watu wanaongezwa getini wakati meli imeshajaa, shuka, nauli itatafutwa nyingine.

"Mi najua kuogelea." Gizani, umevaa jinzi, umeshikwa na watu wawili wasiojua? Shangazi alivyoingia tu alimuuliza baharia maboya yako wapi, vijana wakacheka, yeye akalivaa lile jaketi, akafunga kamba moja moja mpaka ya chini, akajipiga kifuani kuona kama limekaza, akavua akalirudisha mahali pake. Dakika mbili hazikufika. Mi muda huo napiga selfi.

Nguo: usidanganyike na joto la mjini. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa saa nane usiku pale juu kwenye deki unapenya fulana kama haipo. Beba jaketi au hata kitenge kizito. Na mkifika, kuoga ziwani kwenye majani ufukweni sio kuburudika, kichocho kinaingia kupitia ngozi, hakisubiri uyanywe maji.

Kurudi nilimeza kidonge saa nzima kabla ya kupanda, nikalala, bandari ya Kemondo tumepita sijui. Nilikuja kuamshwa milima ya mawe ya Mwanza inaonekana, Shangazi ananipitishia kopo la senene puani aone kama nitatapika.