Kujibu hoja au kumhukumu ndugu: ugomvi wa watetezi wa imani ya Wamormoni

Juni 2012 Daniel Peterson alikuwa safarini nje ya Marekani alipopata barua pepe ya kumwondoa kwenye kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka 20. Peterson ni Mmormoni wa dhati, na wakati huo alikuwa mwalimu wa Kiarabu na masomo ya Kiislamu katika Chuo Kikuu cha Brigham Young huko Provo, Utah. Tangu 1989 alikuwa mhariri wa jarida ambalo watetezi wa dini yake walilitegemea kuliko jingine lolote. Barua ile haikuandikwa na adui wa kanisa. Iliandikwa na mkurugenzi wa Taasisi ya Maxwell, iliyo chini ya chuo hicho hicho, muumini mwenzake.

Siku zile kulikuwa na makala moja ndefu, kama kurasa mia, iliyokuwa tayari kuchapwa kisha ikazuiwa. Mwandishi wake, Gregory Smith, aliichambua kazi ya John Dehlin, mwanzilishi wa podikasti ya Mormon Stories iliyoanza 2005, ambamo Wamormoni wenye mashaka walizungumza waziwazi. Dehlin alikuwa bado muumini aliyeandikishwa. Alipopata fununu za makala hiyo aliwaandikia wakubwa akilalamika. Makala haikutoka, na muda si mrefu mhariri naye akatoka.

Mimi ni mwalimu wa historia ya dini, na katika migogoro yote ya ndani ya makanisa ninayoifundisha, huu naurudia mara nyingi. Watu huueleza kama vita kati ya wanaoamini na wasioamini, na hapo ndipo wanapokosea. Waliogombana 2012 karibu wote walikuwa waumini. Walichogombania ni hiki: anayeitetea imani yake anaruhusiwa kufika wapi anapomkuta mwenzake upande wa pili wa hoja?

Ili kuelewa kwa nini jambo hili ni zito kiasi hiki kwa Wamormoni, tazama kwanza kanisa lenyewe lilivyojengwa. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo ndilo jina lake rasmi, halina mapadri waliosomea teolojia. Askofu wa kata, yaani kusanyiko la mtaa, anaweza kuwa mhasibu au daktari wa meno. Anaitwa, anatumikia miaka kadhaa bila mshahara, kisha anapumzishwa. Juu yake yupo rais wa kigingi, yaani kundi la kata kadhaa, naye ana shughuli zake za riziki. Hata kileleni, katika Urais wa Kwanza na Akidi ya Mitume Kumi na Wawili, hukuti wanateolojia. Russell Nelson alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa moyo, Dallin Oaks alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Utah. Wenye nafasi hizo za kileleni ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu mafundisho.

Msomi basi hana kiti rasmi katika jengo hili. Anaweza kujua Kimisri cha kale au historia ya karne ya 19 kuliko mtume yeyote, lakini hana mamlaka ya kusema kanisa linaamini nini. Nguvu yake pekee ni hoja, na hoja yake hupimwa na watu ambao swali lao la kwanza ni uaminifu. Ndiyo maana mjadala kuhusu ushahidi hugeuka haraka kuwa mjadala kuhusu moyo wa mtu.

Mwaka 1945 Fawn Brodie, mpwa wa David O. McKay aliyekuja kuwa rais wa kanisa, alichapisha wasifu wa Joseph Smith uliomwonyesha mwanzilishi huyo kama mtu aliyejitungia ufunuo. Hugh Nibley, msomi aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kujulikana, alimjibu 1946 kwa kijitabu chenye kejeli kali, na mwaka huo huo Brodie akatengwa na kanisa. Jibu na adhabu vikaja pamoja. Nibley alikuwa na kipaji kikubwa na waumini walimpenda sana; vijana waliomfuata waliiga elimu yake, na wengine waliiga kejeli yake pia.

Novemba 1967 Jumba la Makumbusho la Metropolitan la New York lililikabidhi kanisa vipande 11 vya mafunjo vilivyowahi kuwa mikononi mwa Joseph Smith. Aliyevitambua ni Aziz Atiya, msomi Mkopti kutoka Misri aliyekuwa akifundisha Utah. Wataalamu walipovisoma walikuta maandiko ya kawaida ya mazishi ya Kimisri; hapakuwa na Kitabu cha Ibrahimu, andiko ambalo Joseph Smith alisema alilitafsiri kutoka mafunjo hayo. Tangu hapo utetezi ukawa taaluma inayohitaji lugha za kale, akiolojia na miaka ya kusoma. Mwaka 1979 John Welch akaanzisha taasisi ya utafiti ya FARMS, ambayo baadaye iliingizwa chuoni na hatimaye ikawa Taasisi ya Maxwell.

Naiheshimu sehemu kubwa ya kazi ya FARMS. Ilileta uchambuzi makini wa maandiko, na iliwalazimisha wakosoaji waache madai ya ovyo. Lakini jarida lake la mapitio ya vitabu, lile alilolihariri Peterson, lilijenga mazoea ya kumchunguza mwandishi kabla ya kitabu: alitengwa lini, ana rafiki gani, kwa nini amepoteza imani. Kilele cha aibu kilikuwa 1994. William Hamblin alipanga herufi za kwanza za aya za makala yake zikasomeka kuwa tusi kwa Brent Metcalfe, mhariri wa kitabu alichokuwa akikijibu. Tusi hilo likagunduliwa na kuondolewa, lakini habari ilikwisha enea. Mwishoni mwa mwaka huo huo Metcalfe akatengwa na kanisa. Sisemi jarida ndilo lililomtenga. Nasema muumini wa kawaida aliyetazama kutoka nje asingeweza kuona mpaka kati ya mapitio ya kitabu na shauri la nidhamu.

Na mashauri yalikuwepo. Mei 1993 Mtume Boyd Packer alitaja makundi matatu aliyoyaona kuwa hatari kwa kanisa: watetezi wa mashoga na wasagaji, watetezi wa haki za wanawake, na wale aliowaita wanaojiita wasomi. Septemba ya mwaka huo watu sita wakaadhibiwa, watano kwa kutengwa na mmoja kwa adhabu nyepesi zaidi. Mmoja wao, Lavina Fielding Anderson, alikuwa amechapisha orodha ya matukio ambamo viongozi waliwabana wasomi na waandishi. Baada ya kutengwa aliendelea kwenda ibadani katika kata yake miaka na miaka, ilhali haruhusiwi kushiriki sakramenti. Mwaka 2019 viongozi wa kwake walimuunga mkono abatizwe upya, na ombi likakataliwa Salt Lake City. Alifariki 2023. Anayetaka kuniambia kwamba wakosoaji wote ni wasaliti wanaotafuta umaarufu, namwomba amweleze kwanza mama huyu.

Mwingine wa Septemba ile ni mwanahistoria Michael Quinn. Mwaka 1985 alionyesha kwa nyaraka kwamba ndoa mpya za mitala ziliendelea kwa idhini ya baadhi ya viongozi hata baada ya Tamko la 1890 lililodaiwa kuzikomesha. Mwaka 2014 kanisa lenyewe lilichapisha insha rasmi inayokiri kwamba ndoa za namna hiyo zilifungwa baada ya Tamko. Quinn hakurudishwa. Alifariki 2021, akisema hadi mwisho kwamba anaamini.

Insha hiyo ni moja ya nyingi zilizotolewa kati ya 2013 na 2015. Nyingine ilieleza kwamba Joseph Smith alipotafsiri Kitabu cha Mormoni, andiko takatifu la kanisa hilo, aliweka jiwe la mwonaji ndani ya kofia akainamisha uso humo, na Agosti 2015 kanisa likachapisha picha za jiwe lenyewe. Waumini wengi walikuwa wamelisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakosoaji, na wakaambiwa ni uzushi. Hebu fikiria uchungu wa aliyemkemea ndugu yake kwa kusema lililokuja kuwa kwenye tovuti ya kanisa.

Kwetu Afrika, hakuna mfano ulio mzito kuliko suala la ukuhani, ambao katika kanisa hili hupewa wanaume waumini wa kawaida. Tangu Brigham Young, rais wa pili wa kanisa, alipolitangaza katika bunge la Utah mwaka 1852, hadi Juni 1978, wanaume weusi walinyimwa ukuhani, na wanaume na wanawake weusi walizuiwa kupokea ibada kuu za hekaluni. Hata hivyo Elijah Abel, mtu mweusi, alikuwa ametawazwa 1836, enzi za Joseph Smith. Kwa zaidi ya karne moja waumini waaminifu waliutetea mpango huo kwa sababu walizozibuni au kuziazima: laana ya Kaini, laana ya Hamu, uzembe wa roho zetu kabla ya kuzaliwa. Waliamini wanalilinda kanisa. Mwaka 1973 Lester Bush, daktari na muumini, alichapisha makala iliyoonyesha kwamba nyaraka haziungi mkono dai la kuwa marufuku ilianza na Joseph Smith. Ilikuwa kazi ya mkosoaji wa ndani, tulivu na yenye vielelezo.

Marufuku ilipoondolewa, Mtume Bruce McConkie, aliyekuwa mmoja wa watetezi wake wakubwa, aliwaambia walimu mwezi Agosti 1978 wasahau yote aliyoyasema yeye na Brigham Young yaliyopingana na ufunuo mpya. Hata hivyo sababu zile za zamani hazikufa. Februari 2012 Randy Bott, mwalimu wa dini katika chuo cha Brigham Young, alimweleza mwandishi wa gazeti la Washington Post kwamba kunyimwa ukuhani kuliwafaa weusi, akafananisha na mtoto mdogo anayeomba funguo za gari la baba kabla ya wakati. Kanisa lilimkana mara moja. Desemba 2013 insha rasmi ikazikana nadharia zote hizo kwa jumla. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025, na waumini wanaoingia humo hawana deni lolote kwa watetezi wa aina ya Bott. Wana deni kwa watu kama Bush.

Ndiyo maana nina msimamo kuhusu 2012. Peterson na wenzake walikuwa na hoja: Dehlin alikuwa mtu wa hadharani, maneno yake yalikuwa hadharani, na kumjibu ilikuwa haki yao. Hilo nalikubali bila masharti. Wangeijibu idadi aliyoitaja, kisa alichokisimulia, dai alilolitoa, nisingekuwa na neno. Lakini kurasa mia kuhusu safari ya kiroho ya mtu mmoja, ambaye uanachama wake ulikuwa mikononi mwa rais wa kigingi chake, ni kazi nyingine. Kanisa lao lina ofisi ya kupima uanachama, na ofisi hiyo haiko kwa mhariri. Nawalaumu pia wakuu wa Taasisi: kumwondoa kwa barua pepe mtu aliyetumikia hivyo, akiwa mbali na nyumbani, kulikuwa ukatili ule ule waliodai kuukataa.

Mwezi Agosti 2012 Peterson na wenzake wakaanzisha taasisi ya Interpreter, na mwaka uliofuata wakaichapisha makala iliyozuiwa. Februari 2015 Dehlin akatengwa. Taasisi ya Maxwell ikageukia masomo ya kitaaluma yanayowakaribisha hata wasio waumini, hadi Novemba 2018 Mtume Jeffrey Holland alipofika na kuwakumbusha kwamba utetezi wa imani bado ni sehemu ya wito wao. Mwishoni mwa 2020 FAIR, shirika la watetezi wa imani, lilitoa video za vijana wakiwadhihaki wakosoaji, na waumini wenyewe ndio waliopiga kelele hadi zikaondolewa. Aprili 2023 Nelson, wakati huo rais wa kanisa, aliutumia mkutano mkuu kukemea ugomvi na dharau miongoni mwa waumini.

Wanafunzi wangu, wengine wakiwa wabatizwa wapya wa Kinondoni na Eastleigh, huniuliza waanzie wapi kusoma. Nawaelekeza kwanza kwenye insha rasmi za 2013 hadi 2015, kwa kuwa humo kanisa linasema kwa sauti yake. Kisha wachukue makala moja ya Interpreter na moja ya Dialogue, jarida huru la masomo ya Kimormoni, kuhusu suala moja, wazisome kwa zamu na kalamu mkononi. Wakifika aya ambamo mwandishi, wa upande wowote, anaacha ushahidi na kuanza kueleza kwa nini mwenzake ameamini au ameacha kuamini, waipige mstari na kuendelea na inayofuata.