Bahasha ya mchungaji na ushuru wake

Simu zangu za Juni huja Jumatatu, siku ambayo wachungaji wengi hupumzika. Huanza kwa salamu ndefu na habari za familia, kisha swali linatoka kwa sauti ya chini: "Ndugu mhasibu, hivi hata sisi tunajaza ritani?" Ndiyo, mchungaji, mnajaza. Mwenye PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, anatakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru wake, ya mwaka uliopita kufikia Juni 30, na kola shingoni haibadilishi hilo.

Nimeshika vitabu vya makanisa hapa Kenya kwa miaka mingi, na chini ya karibu kila swali ninalopokea kuna kosa moja: msamaha wa kanisa unadhaniwa kuwa msamaha wa mchungaji. Aya ya 10 ya Jedwali la Kwanza katika Sheria ya Ushuru wa Mapato inaweza kulisamehe kanisa kama taasisi, likitimiza masharti. Lakini pesa ikitoka kwenye akaunti ya kanisa kumlipa mtu kwa kazi yake, hiyo ni mshahara, na mshahara hukatwa PAYE, ule ushuru ambao mwajiri huutoa kabla ya kumlipa mfanyakazi. Neno moja kabla sijaendelea: nitasema "ushuru" kwa ule wa serikali, na "kodi" nitaiachia nyumba, maana suala la nyumba linakuja na ndilo linalowachanganya wengi.

Tuchukue mchungaji anayelipwa shilingi 40,000 kwa mwezi, kwa viwango vya tangu Februari 2025. NSSF, akiba ya uzeeni, ni 6%, yaani 2,400. SHIF, bima ya afya, ni 2.75%, yaani 1,100. Ada ya nyumba za bei nafuu ni 1.5%, yaani 600. Hizo zote hutolewa kabla ya ushuru kuhesabiwa, zikabaki 35,900. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa 10%, 8,333 zinazofuata 25%, na zilizobaki 30%. Jumla inakuja 5,553 na senti kidogo. Ondoa nafuu ya binafsi, yaani punguzo la ushuru la kila mwezi, ya 2,400, PAYE inabaki kama 3,153. Mchungaji anapokea takriban 32,747 mkononi. Kanisa nalo huongeza kutoka mfukoni mwake NSSF 2,400 na ada ya nyumba 600, kisha PAYE iwasilishwe kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ritani ya PAYE ikichelewa, faini ni 25% ya ushuru unaodaiwa au shilingi 10,000, kile kilicho kikubwa.

Najua wazee wa kanisa wanavyojibu wakiona hesabu hii: "Tumpe tu kwenye bahasha, asikatwe." Wanasema hivyo kwa upendo. Lakini nilikaa na mchungaji mmoja aliyepokea bahasha kila mwisho wa mwezi kwa miaka saba. Siku alipotaka mkopo wa kununua ploti hakuwa na hata payslip moja ya kuonyesha. NSSF yake haikuwa na kitu. Kanisa lilimpenda kweli, na uzeeni lilikuwa likimpeleka mikono mitupu. Tangu siku hiyo sikubali kumsaidia mweka hazina yeyote kuficha mshahara wa mchungaji, hata kama kanisa ni dogo na lina mabati matupu.

Sasa nyumba. Kanisa likimpangishia mchungaji nyumba, faida hiyo inahesabiwa kama mapato yake. Hulinganishwa 15% ya mapato yake ya kazi na kodi inayolipwa, na kikubwa ndicho kinachoongezwa. Mchungaji wetu wa 40,000 akilipiwa kodi ya 10,000, asilimia kumi na tano yake ni 6,000 tu, kwa hiyo tunaongeza 10,000, na PAYE yake inapanda kwa 3,000. Akichangia sehemu ya kodi mwenyewe, kiasi hicho hupunguzwa. Akipewa pesa taslimu za nyumba badala ya nyumba, hizo ni mshahara moja kwa moja. Hapa ndipo nawaomba wazee wakae na mchungaji kabla ya kumwajiri, wamwonyeshe karatasi, asije akashtuka Januari.

Zawadi zinahitaji busara zaidi. Mama akimletea mchungaji kuku na mfuko wa mahindi kwa sababu mtoto wake anaumwa, huo ni ujirani, si ajira. Lakini siku ya shukrani ya mchungaji, pale kikapu kinapopitishwa ibadani, pesa zikahesabiwa na mweka hazina na kukabidhiwa kwa sababu ya utumishi wake wa mwaka, mimi huziingiza kwenye mshahara wa mwezi huo. Nauli na mafuta ya kwenda kuzika mshirika, yakirudishwa kwa risiti, si mapato. Risiti ndiyo inayotofautisha, kwa hiyo zitunzeni.

Mlinzi, katibu na anayefagia kanisa wasisahauliwe. Anayelipwa 24,000 au chini hana PAYE, kwa kuwa nafuu inaimaliza yote. NSSF, SHIF na ada ya nyumba bado zinamhusu, na ritani pia.

Na ritani yenyewe? Ombeni kwa mweka hazina fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na PAYE ya mwaka mzima, mlinganishe na payslip zenu za miezi 12, kisha muingie iTax, tovuti ya KRA. Tafadhali msimwachie kijana wa saiba awajazie "nil", yaani kwamba hamkuwa na mapato. Ikiwa kanisa lilikata PAYE, mishahara yenu iko kwenye mtandao wa KRA tayari, na nil itakuwa taarifa ya uongo iliyo na jina lenu. Kuchelewa kwa mtu binafsi ni faini ya 2,000 au 5% ya ushuru, kile kilicho kikubwa.

Wachungaji walio pia walimu au wauguzi wawe macho zaidi. Nafuu ya binafsi hutolewa na mwajiri mmoja tu. Ikiwa shule tayari inaitoa, kanisa lisiitoe tena. Mkijumlisha P9 mbili, mara nyingi hutokea salio, na salio hilo hulipwa kufikia Aprili 30, miezi miwili kabla ya siku ya mwisho ya ritani. Kwa hiyo wenye kazi mbili, nipigieni Februari.