Je, wajua kwa nini sura ya Qur'ani uliyoihifadhi chuoni, yaani madrasa, haikutoki, na neno la skuli linakutoka?

Jioni moja nilikuwa Wete, Pemba, nimekaa barazani na mpwa wangu wa kidato cha pili. Daftari lake la Kiswahili lilikuwa manjano tupu. Kila istilahi ya fasihi ameipitishia ile kalamu ya rangi, ukurasa mzima unang'aa kama embe bivu. Jumamosi alikuwa amenitajia maneno yote na maana zake bila kusita. Hii sasa ilikuwa Jumatano.

"Takriri ni nini?" nikamwuliza.

Akatazama dari. "Mjomba, limenitoka. Wallahi nilikuwa nalo."

"Na tashihisi?"

Nayo imetoka. Iliyobaki ni tashbiha peke yake, na hiyo kwa kubahatisha. Haukupita muda ikaadhiniwa magharibi, akenda msikitini, na aliporudi akamketisha mdogo wake amsikilize sura ya Sabbih. Aya 19, msahafu umefungwa, na kila mtoto akiteleza yeye anamrudisha papo hapo huku anavua kanzu. Sura hiyo aliihifadhi akiwa na miaka saba.

Kichwa ni hicho hicho kimoja. Sasa kwa nini cha miaka saba kipo na cha Jumamosi kimepotea? Watu wengi watakwambia Qur'ani ina baraka zake, nami sibishani nao. Lakini ukitazama namna mtoto anavyosomeshwa chuoni, utaona na sababu nyingine ambayo skuli tunaiacha mlangoni.

Tuanze na kusahau kwenyewe. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanya yeye mwenyewe chombo cha majaribio. Alitunga silabi zisizo na maana yoyote, akazikariri orodha kwa orodha, kisha akapima: baada ya muda fulani, nikitaka kujifunza upya orodha ile ile, nitahitaji muda kiasi gani? Matokeo aliyachapisha mwaka 1885. Ilipopita saa moja tu, alihitaji zaidi ya nusu ya muda wa mwanzo. Siku moja ilipopita, kiasi cha theluthi mbili. Lakini baada ya mwezi mzima haikuzidi sana: karibu asilimia 79. Yaani hasara kubwa inatokea siku ile ile ya kwanza, kisha kinachobaki kinashikilia. Sisi wa pwani tungependa kusema kumbukumbu inapwa kama maji, ila mfano huo haukai sawa. Maji huanza kupwa polepole ndipo yakashika kasi. Kusahau huanza na kasi.

Sasa turudi chuoni. Mtoto hapewi Juzuu Amma nzima, ile sehemu ya mwisho ya Qur'ani yenye sura 37, kwa usiku mmoja. Anaanza na zile fupi za mwisho, anapanda taratibu. Akija leo, kabla hajaongezwa aya mpya lazima aitoe ya jana. Kesho ataitoa ya leo, na pengine mwalimu atamrusha nyuma kwenye ya wiki iliyopita, na ole wake. Huko ndiko kudurusu. Kila sura inapoanza kulegea inakazwa tena, na kila ikikazwa inachukua muda mrefu zaidi kulegea. Kisha kuna sala. Alhamdu, sura ya kwanza, husomwa katika kila rakaa, na rakaa za faradhi ni 17 kwa siku, zimetawanywa katika nyakati tano kuanzia alfajiri hadi isha. Hakuna neno la daftarini lenye ratiba kama hiyo.

Na mpwa wangu je? Maneno yake aliyasoma Ijumaa usiku kwa saa mbili mfululizo, akayafunga. Saa mbili hizo hizo angezikata vipande vya dakika 15 kwa siku nane, asingetazama dari.

La pili ndilo ninaloliona kubwa zaidi. Chuoni msahafu unafungwa. Mtoto anatoa kichwani, mwalimu anasikiliza. Nyumbani, kwa somo la skuli, daftari liko wazi na jicho linapita juu ya wino wa manjano. Jicho linalitambua neno, na mwanafunzi anadhani analijua. Kumtambua mtu akipita barabarani na kumwita jina lake ni mambo mawili, sote tumewahi kuaibika kwa hilo harusini.

Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilipima jambo hili na kuchapisha mwaka 2006. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kipande kifupi cha habari, kuhusu jua au kuhusu fisi maji. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma na kurudia kusoma. Jingine lilisoma kipindi kimoja tu, kisha vipindi vitatu likaandika kila linachokumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma ndio waliong'ara: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Wiki moja baadaye meza ikapinduka. Waliorudia kusoma walibaki na asilimia 40, waliotoa kichwani 61. Na hao wa kwanza walikuwa wamekipitia kipande kile kama mara 14, hawa wa pili mara tatu na ushei. Cha kuchekesha, waliorudia ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Ndiye mpwa wangu wa Jumamosi huyo.

Kwa hiyo dawa ya daftari ni nyepesi. Kunja ukurasa katikati: neno kushoto, kulia maana pamoja na sentensi uliyoitunga mwenyewe. Funika kulia, jitajie. Umekosa, fungua utazame, funika tena. Rudia kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Anayependa karatasi ndogo ndogo atumie makopo matatu: neno ulilolipata linahamia kopo la mbele, linalofunguliwa kwa nadra, ulilolikosa linarudi kopo la kwanza la kila siku. Mtindo wa makopo ulienezwa na mwandishi Sebastian Leitner miaka ya 1970, yeye akitumia kasha lenye vyumba. Ile kalamu ya manjano mpe mdogo wako achoree jua.

Lakini chuo nacho kina upungufu wake, na lazima niuseme. Wengi wetu tumehifadhi kwa sauti, hatujui maana. Tunasoma bila kukosea irabu, ukituuliza neno moja moja tunakodoa macho. Neno la lugha unayoitumia haliwezi kukaa hivyo, linataka ndugu. Ebbinghaus mwenyewe alipokariri beti za shairi badala ya silabi zake tupu, alihitaji kama sehemu moja ya kumi tu ya juhudi, kwa sababu beti zina maana.

Na Kiswahili kimejaa ndugu. Nilimwambia mpwa wangu: "Wewe unasema unakariri maneno. Kukariri ni nini?" Akasema, kusema tena na tena. "Basi takriri?" Akanyamaza, kisha akapiga paja. Ni kule kurudiarudia neno kwa makusudi! Tashihisi nayo ina shakhsi ndani yake, yaani mtu: kukifanya kisicho mtu kitende mambo ya mtu, kama bahari kununa. Tashbiha, yaani kukifananisha kitu na kingine, imo katika kushabihiana na mshabaha. Mtoto wa chuo anakaa madrasa, darasani, anadurusu, anasikiliza darsa, na maneno yote hayo yametoka tumbo moja la Kiarabu. Ya Kibantu ndiyo kabisa: vua samaki, upate mvuvi, uvuvi, vulia, vulisha.

Kujua ukoo huu kunasaidia hata kufungua kamusi, jambo linalowashinda wengi wakaona aibu kusema. Unakutana na "hawakushabihiana", unatafuta kwenye h, hulioni, unaliacha. Livue nguo kwanza: ondoa ha-, wa-, ku-, kisha -ana ya mwisho. Limebaki shabihi, nenda kwenye sh. Nyuso zimo kwenye uso, meno kwenye jino. Huku kwetu kuna Kamusi la Kiswahili Fasaha, kazi ya BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ya mwaka 2010. Na ndiyo, "kamusi la". Anayetaka kubishana anikute barazani.

Daftari na kamusi hata hivyo vinashika maneno machache. Maneno mengi mtu huyapata kwa kusoma tu, akikutana nayo leo hapa na kesho kule, ambako ni kudurusu bila kujijua. Tabu ni kwamba wanafunzi hujichagulia kitabu kigumu kwa heshima, wakazama ukurasa wa tatu, wakasema kusoma kunachosha. Marcella Hu na Paul Nation, waliokuwa wakichunguza watu wanaojifunza Kiingereza, walionyesha mwaka 2000 kwamba ili usome hadithi na kuielewa vizuri bila msaada inafaa uwe unajua kama asilimia 98 ya maneno yake. Ni neno moja geni katika kila 50. Ukurasa wa maneno 250 uwe na mageni matano basi. Fungua katikati ya kitabu, kunja kidole kwa kila neno usilolijua. Vidole vya mkono mmoja vikiisha kabla ya nusu ya ukurasa, kirudishe rafuni, mtakutana mwakani. Kwa mtoto wa sekondari anayesomeshwa kwa Kiingereza kipimo hiki kina manufaa zaidi, maana hapo ndipo vidole huisha upesi.

Na shikilia jambo moja kwa muda. Mpenda mpira asome habari za mpira kwenye gazeti la Zanzibar Leo wiki nzima. Maneno yale yale, penalti, mkondo wa pili, kuibuka kidedea, yatamrudia kila siku bila kuitwa. Kuhusu saa ya kusoma sina mengi: ibandike kwenye kitu ambacho tayari hakikosekani. Mpwa wangu tulimbandikia baada ya alaasiri, kabla ya kwenda uwanjani, dakika 20.

Wiki iliyofuata nilimwuliza tena akiwa amefunga daftari. Takriri ipo, tashihisi ipo. Nikamwongezea mkarara, kile kibwagizo kinachorudi mwisho wa kila ubeti, naye kwa kujiamini akasema ni ndugu wa kariri. Kisha akafikiri kidogo. "Na karara la mnazi, mjomba, nalo ni ukoo huo?"

Tulikuwa tunainuka kwenda kuchukua kamusi, mama akaita kutoka jikoni:

"Karara? Hebu nileteeni makavu mawili, moto wangu haushiki."