Jaribio moja, majibu mawili: dhana potofu kuhusu programu za takwimu

Dhana: Jaribio likiwa lilelile, programu yoyote italeta jibu lilelile.

Jina huwa moja, hesabu zikawa mbili. Agiza jaribio la t la makundi mawili (la kulinganisha wastani wa makundi hayo) kwenye programu ya R bila maelezo zaidi, utapata la Welch, ambalo halidhani kwamba varianti za makundi (kiasi data zinavyotawanyika) ni sawa. Agiza hilohilo kwenye SciPy, maktaba ya lugha ya Python, utapata la Student, linalodhani ni sawa. SPSS, programu nyingine ya takwimu, huchapa yote mawili, uchague mwenyewe. Hakuna iliyokosea.

Kwenye kai-mraba, jaribio la kulinganisha idadi za makundi, ndiko watu huumia zaidi. Tuseme kundi la kwanza wamepona 16, hawakupona 4. Kundi la pili 10 kwa 10. Hesabu ya kawaida inatoa thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama hii au zaidi ikiwa kwa kweli makundi hayatofautiani) ya 0.047. R, ikiona jedwali la mbili kwa mbili, huweka yenyewe sahihisho la Yates, linalopunguza kidogo thamani ya kai-mraba, na p inapanda hadi 0.097. Data hazijaguswa, lakini kwa anayekubali tofauti p ikiwa chini ya 0.05 tu, hitimisho limegeuka. Kwa hiyo ripoti ikisema tu "tulitumia kai-mraba", mimi hainitoshi. Nataka programu na toleo lake, funksheni iliyoitwa, na kama sahihisho liliwekwa.

Dhana: Kompyuta haikosei hesabu.

Hukosea. Mwaka 1967 mtafiti Longley alipitisha data zilezile kwenye programu za rigresheni (za kukadiria kigezo kimoja kutokana na vingine) za wakati huo, akalinganisha na hesabu ya mkono, na baadhi ya majibu yalikuwa mbali mno. Tatizo mara nyingi ni njia ya kukokotoa. Varianti ya sampuli ya 1000000001, 1000000002 na 1000000003 ni 1. Programu inayojumlisha miraba kwanza, kisha kutoa, hulipoteza jibu hilo: miraba ina tarakimu 19, na kompyuta kwa kawaida hubeba kama 16 tu. Excel ilitumia njia hiyo kabla ya toleo la 2003. Taasisi ya NIST ya Marekani hutoa bure data zenye majibu yaliyothibitishwa. Ijaribu programu yako nazo.

Dhana: SPSS ikiandika .000, p ni sifuri.

Ni chini ya 0.0005. Andika p < 0.001.

Dhana: Mwongozo ni wa wanaoanza.

Wazoefu ndio hunaswa. Ukurasa wa msaada wa ks.test kwenye R (jaribio la kupima kama data zinafuata mgawanyo fulani) unaeleza wazi kwamba vigezo vya mgawanyo vitajwe kabla, visikadiriwe kutoka data hizohizo. Wengi huweka wastani na mkengeuko sanifu wa sampuli yao, p inatoka kubwa kuliko inavyostahili, na data zisizofuata mgawanyo wa kawaida (normal) zinapita.